KIONGOZI AANZE NA HABARI YAKE MWENYEWE



Viongozi wa matawi wanatuuliza: habari mbaya inapofika, mshahara unapokatwa au kazi inapokwisha, tuwaambieje wenzetu? Jibu tulilipata Rugaaga, wilaya ya Isingiro, jirani na Mbarara.

Karibu na hapo ni Nakivale, makazi ya wakimbizi tangu mwisho wa miaka ya 1950. Wamo Wakongo, Wanyarwanda, Warundi, Wasomali na wengineo. Wengi hutafuta kibarua, ambacho Uganda huitwa lejaleja, katika mashamba ya wenyeji. Aprili 2020 Shirika la Chakula Duniani lilipunguza mgao wa chakula kwa asilimia 30. Februari 2021 ukabaki asilimia 60. Mei 2025 wakimbizi wapatao milioni moja katika Uganda nzima wakaondolewa kabisa katika mgao.

Baada ya mgao kukatwa, watafuta kibarua waliongezeka, na mwenye shamba mmoja wa ndizi akashusha malipo ya siku. Mwenyeji akamlaumu mkimbizi, mkimbizi akamlaumu mwenyeji. Tuliitisha mkutano, tukasoma hesabu tupu. Tulikosea. Watu waliondoka mmoja mmoja, tukabaki na karatasi yetu.

Katika mkutano wa pili alisimama mama mmoja wa kamati, mwenyeji wa pale. Akasema: "Ndugu zangu, juma lililopita nami niliyapokea malipo yale madogo. Unga ulikuwa umekwisha nyumbani. Nilimlaumu jirani yangu Mkongo, kumbe naye alipokea kwa sababu ile ile." Akaketi. Mzee mmoja wa Kikongo akaomba nafasi, akamwita dada. Ndipo watu walipouliza wenyewe: hesabu inasemaje? Siku ile wenyeji na wakimbizi walikubaliana kutaja bei moja kwa mwenye shamba.

Njia hii si ngeni. Tom Mboya, aliyezaliwa mwaka 1930 katika shamba la mkonge karibu na Thika, alikuwa mkaguzi wa afya Nairobi kabla ya kuongoza vyama vya wafanyakazi vya Kenya. Katika kitabu chake cha mwaka 1963 alieleza jinsi mama wa Kizungu alivyoleta maziwa yapimwe, akamkuta yeye peke yake, akauliza kama hakuna mtu. Kila mfanyakazi aliyewahi kupitwa kama kiti aliielewa habari hiyo mara moja.

Basi viongozi washike haya:

Kwanza, aanze kiongozi. Mkimbizi amekwisha kueleza maisha yake mara nyingi mbele ya maofisa ili apate karatasi. Tusimlazimishe kuyaeleza tena. Akitaka, atasema.

Pili, habari iwe fupi, ya kweli, na ihusu jambo lililo mbele yetu. Hata kosa lako litaje. Ukibuni, utajulikana, na hutaaminiwa tena.

Tatu, habari yako haifuti hesabu. Baada yake toa tarakimu zote, hata zile chungu. Anayelia mbele ya watu ili kuficha tarakimu anawadanganya.

Nne, ukimaliza, nyamaza usikilize.

Mwenye shamba hakurudisha malipo yote. Lakini hakuweza tena kumtumia mkimbizi kumtisha mwenyeji, wala mwenyeji kumtisha mkimbizi.

Umoja ni nguvu.