Wataalamu wa kompyuta wasioshika ila chaki

Ukitaja elimu ya kompyuta mjini Bungoma, mtu atakuonyesha duka la kuchapa barua na kutoa nakala, au fundi aliyeinamia mashine iliyofunguliwa matumbo. Hakukosea, hiyo nayo ni kazi na ina wenyewe. Lakini, msomaji, liko kundi jingine la watu wa elimu hiyo hiyo ambao waweza kumaliza mwezi mzima bila ya kugusa kompyuta. Vyombo vyao ni chaki, karatasi, na mwenzao wa kubishana naye. Hawaulizi mashine hii yaweza nini. Huuliza mashine yoyote, hata itakayoundwa miaka elfu ijayo, yaweza nini na itashindwa na nini.

Nilizunguka Kitale na Bungoma siku kadhaa kutazama kama fikra hizo zina mtu wa kuzipokea huko.

Kitale ni mji wa mahindi. Kampuni ya Kenya Seed ilianzishwa huko mwaka 1956, na mpaka leo mbegu ndiyo mazungumzo ya mji. Dereva mmoja niliyemkuta akipakia mzigo hupeleka mbegu Kiminini, Kimilili, Chwele, Bungoma na Webuye, kisha hurudi Kitale. Nikamwuliza aanzie wapi na amalizie wapi ili mafuta ya gari yasipotee bure.

“Mzee, hilo huambiwi na mtu,” akanijibu. “Barabara yenyewe itakufundisha.”

Kwa miji 5 alisema kweli. Mipango ya kuizunguka ni 120 tu, na nusu yake ni ile ile iliyogeuzwa mkia ukawa kichwa. Fanya miji iwe 10, mipango yawa 3,628,800. Ifanye 20, na mashine ikaguayo mipango bilioni 1 kila sekunde, usiku na mchana, itahitaji zaidi ya miaka 77 kuimaliza yote. Ongeza mji mmoja tu, na miaka hiyo yazidishwa mara 21. Wajuzi wana mbinu za kukata njia, wala miji 20 haiwashindi. Linalowashinda ni kupata njia ya haraka itakayofaa daima, miji iwe mingi kiasi gani. Hakuna aliyeipata, na hakuna aliyethibitisha kwamba haipo.

Mimi ni mtu wa mashairi, na hapo ndipo nilipozinduka. Nipe ubeti wenye mizani kumi na sita kila mshororo, nami kabla kahawa yangu haijapoa nitakuambia kama mizani imetimia na vina vimekubaliana. Kuutunga ubeti huo ni jambo jingine. Nimewahi kukesha kwa ajili ya kina kimoja. Na dereva wetu ni hivyo hivyo: ukimwonyesha safari iliyokwisha pangwa atazijumlisha kilomita na kukuambia kama zimepita kiasi ulichomwekea. Kukagua ni rahisi, kutunga ni taabu. Wanahisabati wanauliza kama taabu hiyo ni ya lazima, au iko hila ambayo kwayo kila kinachokagulika kwa wepesi chaweza pia kupatikana kwa wepesi. (Uzuri wa shairi sijui utakaguliwa kwa hesabu gani, na nashukuru hawajauliza.)

Swali hilo, waliitalo la P na NP, liliwekwa wazi mwaka 1971 na Stephen Cook wa Toronto, Kanada. Leonid Levin, katika Urusi ya Kisovieti, alilifikia kwa njia yake mwenyewe. Mwaka 1972 Richard Karp akaonyesha kuwa matatizo 21, yaliyodhaniwa hayana udugu, yamefungwa kamba moja: likifunguka moja kwa njia ya haraka, yote yamefunguka. Mwaka 2000 Taasisi ya Clay ya Marekani ikaweka zawadi ya dola milioni 1 kwa atakayelimaliza. Fedha hizo hazijachukuliwa. Wala si mchezo wa wasomi: kufuli za siri zinazolinda fedha tutumianazo kwa simu zimejengwa juu ya imani kwamba hesabu fulani ni ngumu kufumbuliwa.

Sisi tuliosoma chuoni kwa ubao na wino hatupaswi kuuona ugeni mkubwa. Neno lao algorithimu, yaani hatua za hesabu zenye mwanzo na mwisho, latokana na jina la al-Khwarizmi, aliyeandika Baghdad katika karne ya 9, na sehemu kubwa ya kitabu chake cha al-jabr ni mirathi. Mwalimu wangu alinifundisha kugawa mali ya mtu aliyeacha mke, mwana wa kiume mmoja na wa kike mmoja: fanya mafungu 24, mke apate 3, mwanamume 14, mwanamke 7. Yeyote azifuataye hatua zile atafika pale pale, na hazihitaji umeme.

Kutoka Kitale nikateremka Bungoma kwa matatu. Wilaya hiyo ya zamani, kaunti siku hizi, ina chuo kikuu chake, Kibabii, kilichopata hati mwaka 2015, na hisabati na kompyuta hufundishwa humo. Lakini mtu aliyenishughulisha ni mwalimu wa skuli ya upili upande wa Chwele, ambaye kila Jumamosi mchana hukusanya wanafunzi na walimu wachache mbele ya ubao mmoja. Nilidhani atalalamikia ukosefu wa mashine.

“Mashine si shida yangu,” akasema. “Nikithibitisha jambo usiku, asubuhi nimwonyeshe nani?”

Neno hilo limenikaa. Elimu hii yaishi kwa baraza, kama ushairi ulivyoishi. Hoja isiyosikilizwa na mpinzani mzuri haijakuwa hoja. Mwalimu akanitajia Kanpur, India, ambako Agosti 2002 Manindra Agrawal na vijana wawili, Neeraj Kayal na Nitin Saxena, ambao ndio kwanza wamemaliza shahada ya kwanza, walitoa njia ya haraka na ya hakika ya kutambua namba tasa, namba isiyogawika ila kwa 1 na yenyewe. Karatasi yao ilikuwa ya kurasa 9. Vijana wale walikuwa na akili, lakini pia walikuwa na Agrawal chumba cha pili.

Jumamosi niliyohudhuria, kijana mmoja alidai kuwa ukizidisha namba tasa kwa mpangilio tangu 2, kisha ukaongeza 1, hupata namba tasa nyingine. Akaandika 7, 31, 211, 2,311, na kweli zote ni tasa. Mwalimu akanyamaza makusudi. Msichana wa Kidato cha Nne akaja ubaoni, akaenda mpaka 13, akapata 30,031, akaanza kugawa kwa 17, kisha 19, kisha 23, bila ya haraka. Mara ya 11 akaandika: 59 mara 509. Kijana akaitazama, akafuta dai lake mwenyewe, akaketi. Hakuna aliyecheka.

Baba wa msichana nilimkuta sokoni Chwele. Anataka bintiye asomee uuguzi, na sababu zake si za mtu mjinga: wadogo zake watatu wangali skulini. “Hisabati itamlisha nani?” akaniuliza. Nikamweleza habari ya kufuli za siri ndani ya simu. Akaitoa simu yake mfukoni, akaigeuza nyuma na mbele, kisha akaniuliza hao watengenezaji kufuli hulipwa na nani, na kama yuko hata mmoja Bungoma.