Sisimizi wa Moto: Mgeni Aliyetayarishiwa Nafasi

Mwishoni mwa Agosti 2017 kimbunga Harvey kiliumwagia mji wa Houston, katika jimbo la Texas nchini Marekani, mvua ya siku kadhaa mfululizo. Watu waliokuwa wakikimbia mafuriko waliona juu ya maji vitu vya rangi ya kahawia vikielea kama mikeka michakavu. Havikuwa mikeka. Walikuwa ni sisimizi, maelfu kwa maelfu, wameshikana kwa miguu na meno, huku malkia, mayai na mabuu wakiwekwa katikati. Chelezo la namna hiyo linaweza kuelea kwa siku nyingi, na hata ukilisukuma chini ya maji kwa kijiti huibuka tena, kwa sababu sisimizi walioshikana hunasa hewa baina ya miili yao. Likigusa mti, mtumbwi au mguu wa mtu, sisimizi hupanda hapo mara moja. Aliyepandwa hujua baada ya sekunde chache kwa nini wanaitwa sisimizi wa moto.

Ndugu msomaji, kabla ya kwenda mbele tusichanganye wadudu. Kwetu Afrika Mashariki anayesikia habari za sisimizi wakali huwaza siafu, au wale maji moto wa kwenye miembe na michungwa. Siafu hutembea kwa misafara na hukata kwa taya. Maji moto hushona majani kuwa nyumba, na hukaa juu ya mti. Sisimizi tunayemzungumzia ni mwingine kabisa. Ana urefu wa milimita 2 hadi 6, mwili wa rangi nyekundu inayoelekea kahawia na tumbo jeusi kidogo, naye huishi ardhini, katika kichuguu cha udongo laini kisicho na tundu juu, kwa kuwa milango yake ni njia za chini kwa chini zinazotokeza mbali. Jina lake la kisayansi ni Solenopsis invicta. Neno la pili alipewa mwaka 1972 na mtaalamu wa wadudu William Buren, na wasomaji wa gazeti letu waliokaa miaka kadhaa na vitabu vya Kilatini watalielewa bila msaada: asiyeshindwa.

Namna anavyoumiza ni ya pekee. Kwanza huing’ata ngozi kwa taya ili ajishikize, kisha hukunja mwili na kuchoma kwa mwiba ulio mwisho wa tumbo. Asipopanguswa, hubaki ameshika palepale kwa taya, akajizungusha na kuchoma tena na tena, hata mtu akaachwa na alama zilizojipanga kama duara. Wala haji peke yake. Mtu aliyekanyaga kichuguu bila kujua anaweza kuwa na mamia mguuni kabla ya kuhisi mchomo wa kwanza. Kumwaga maji hakusaidii sana, maana wameshikilia kwa meno. Dawa ni kuondoka pale upesi na kuwapangusa kwa mkono au kwa kitambaa.

Sumu yenyewe haifanani na ya nyuki. Sehemu yake kubwa, zaidi ya asilimia 90, ni kemikali za jamii ya alkaloidi, ambazo huua seli za ngozi mahali zilipoingia. Ndiyo maana baada ya siku moja hivi hutokea kijipu chenye kichwa cheupe. Wengi hudhani ni usaha wa kawaida na hukitumbua. Kumbe mwanzoni hakina vijidudu ndani yake. Ni kukitumbua na kukikuna ndiko kunakofungua mlango wa vijidudu. Aliyechomwa aoshe kwa maji na sabuni, aweke kitu cha baridi, na avumilie. Lakini ile sehemu ndogo iliyobaki ya sumu ni protini, na hapo ndipo penye hatari ya kifo. Wapo watu wachache ambao miili yao huipokea kwa mzio mkali: koo huvimba, pumzi hukata, presha hushuka ghafla. Mtu wa namna hiyo anahitaji adrenalini na hospitali mara moja. Nchini Marekani wamekufa watu kwa njia hiyo, na katika nyumba za kutunzia wazee wamewahi kukutwa wagonjwa wasioweza kujinyanyua wakiwa wameshambuliwa vitandani mwao.

Mdudu huyu si mwenyeji wa Marekani. Kwao ni mabonde ya Amerika ya Kusini, hasa nchi tambarare za mto Paraguay, zinazogusa Brazili, Paraguay na Ajentina. Nchi hizo hufurika kila mwaka, na bila shaka huko ndiko alikojifunza kuunda chelezo. Aliingia Marekani kwa bandari ya Mobile, jimbo la Alabama, katika miaka ya 1930, yaelekea pamoja na udongo au mizigo ya meli. Mwaka 1942 mvulana wa miaka 13 aliyependa kuchunguza wadudu alikiona kichuguu chake katika kiwanja kitupu karibu na nyumbani kwao mjini Mobile. Mvulana huyo, Edward O. Wilson, alikuja kuwa profesa wa Chuo Kikuu cha Harvard na mmoja wa wataalamu wakubwa wa sisimizi duniani.

Malkia mwenye mbawa huruka siku ya joto baada ya mvua, akapandwa angani, kisha akatua, akazikata mbawa zake na kuchimba shimo. Akifaulu anaweza kutaga mayai zaidi ya elfu moja kwa siku, na kichuguu kikakomaa na sisimizi laki mbili au zaidi. Lakini kwa mbawa zake pekee asingefika mbali. Waliomsafirisha ni watu: malori ya miche ya bustani, vipande vya nyasi za kupandwa kwenye viwanja, marobota ya majani ya ng’ombe, udongo wa ujenzi. Serikali iliweka karantini ya mizigo ya namna hiyo mwaka 1958. Leo mdudu ameenea zaidi ya hekta milioni 100, tangu Florida na Carolina mpaka Texas na sehemu za California.

Mkulima ndiye anayemjua vizuri zaidi. Ndama aliyezaliwa usiku malishoni, akiwa bado na unyevu na hawezi kusimama, anaweza kufikiwa na sisimizi kabla ya mchungaji, na macho ndiyo huharibiwa kwanza. Vifaranga hufa katika yai linapopasuka tu. Bamia hutafunwa maua na matunda machanga, na anayezichuma huondoka na mikono imevimba. Kisha kuna mambo ya umeme, ambayo mimi nisingeyaamini kama yasingekuwa yanajulikana sana kwa mafundi wa huko. Sisimizi hupenda kuingia katika visanduku vya swichi za pampu, viyoyozi na taa za kuongozea magari. Mmoja akigusa mahali penye umeme hufa, lakini anapokufa hutoa harufu ya kuita wenzake. Wenzake huja, nao hufa, hata maiti zao hujaa na kuziba mguso wa swichi. Hasara ya jumla nchini Marekani hukadiriwa kuwa dola bilioni 6 hivi kwa mwaka. Haki yake apewe pia: hula kupe, hula wadudu wanaotoboa miwa na wanaoharibu pamba, na wapo wakulima wa miwa wa Louisiana wasiomchukia hata kidogo.

Sasa tufike kwenye jambo lililonifanya niandike. Mwaka 1957 Bunge la Marekani lilitoa dola milioni 2.4 ili sisimizi huyu afutwe. Ndege zilimwaga chembechembe za sumu mbili, dieldrini na heptaklori, juu ya mashamba, misitu na malisho. Walikufa ndege wa porini, samaki, kuku na mifugo. Rachel Carson aliieleza kampeni hiyo kwa uchungu katika kitabu chake Silent Spring cha mwaka 1962. Ikafuata sumu nyingine, mirexi, iliyochanganywa na mafuta ya soya katika chenga za mahindi. Hiyo ilionekana kuwa ya upole zaidi, nayo ilimwagwa kwa ndege kwa miaka mingi, mpaka ilipogundulika kwamba haiozi upesi ardhini na kwamba imekwisha kuingia katika mafuta ya miili ya watu. Ilipigwa marufuku mwishoni mwa miaka ya 1970. Wilson aliyafananisha mapambano hayo yote na vita vya Vietnam.

Na sisimizi? Alikuwa na eneo kubwa kuliko lile la mwanzo. Sababu yake si ngumu kuiona ukiitazama kwa makini. Adui mkubwa wa malkia mchanga aliyetua chini si binadamu. Ni sisimizi wenyeji wa mahali pale, ambao humkamata na kumla kabla hajamaliza kuchimba. Sumu iliyomwagwa kwa ndege haikuchagua. Iliwaua wenyeji pamoja na mgeni, na nchi ikabaki tupu. Katika nchi tupu hurudi kwanza yule anayezaa haraka zaidi, na huyo ni mgeni.

Watafiti wawili wa Florida, Joshua King na Walter Tschinkel, walilipima jambo hili shambani na kulichapisha mwaka 2008. Katika msitu wa misonobari walitenga viwanja: vingine vililimwa, vingine vilifyekwa, vingine viliachwa kama vilivyo. Katika baadhi ya viwanja walipandikiza makoloni ya sisimizi wa moto, katika vingine hawakupandikiza. Palipolimwa, sisimizi wenyeji walipungua sana hata pale ambapo mgeni hakuletwa. Mgeni naye alistawi palipovurugwa, na msitu ulioachwa salama hakuuingia kwa nguvu zake mwenyewe. Walihitimisha kwamba sisimizi wa moto ni abiria katika mabadiliko hayo, siyo dereva.

Nisieleweke vibaya, abiria huyu si mpole. Yapo makoloni yenye malkia wengi, ambayo hayagombani yenyewe kwa yenyewe na hujaza vichuguu mamia katika hekta moja. Utafiti uliofanyika Texas na kuchapishwa mwaka 1990 ulikuta kwamba makoloni ya aina hiyo yalipoingia, aina za sisimizi wenyeji zilipungua kwa asilimia 70. Lakini ukitembea kusini mwa Marekani kumtafuta, huendi katika msitu mkongwe. Unakwenda kando ya barabara, kwenye viwanja vya michezo, malishoni, chini ya nguzo za umeme, kwenye makaburi yanayofyekwa kila wiki.

Kwa hiyo wanaoshauri wakulima leo hawazungumzii tena kufuta. Wanatumia chambo, chenga za mahindi zenye mafuta na dawa kidogo inayofanya kazi polepole. Polepole ndiyo siri yenyewe. Sisimizi mzima hawezi kumeza chakula kigumu. Hukipeleka kwa mabuu wakubwa, nao hukigeuza kuwa majimaji, na majimaji hayo hupitishwa kinywa kwa kinywa mpaka kwa malkia. Dawa inayoua haraka humuua mbebaji njiani. Mwenye kichuguu kimoja au viwili karibu na nyumba anaweza kumwaga lita 10 hivi za maji yanayochemka, na takribani vichuguu sita kati ya kumi hufa. Petroli, ambayo wengi huikimbilia, huharibu udongo na maji ya chini. Tangu miaka ya 1990 wameletwa pia inzi wadogo kutoka Amerika ya Kusini, wa jamii ya Pseudacteon. Inzi hutaga yai ndani ya mwili wa sisimizi, buu huhamia kichwani na kula kilichomo mpaka kichwa kinadondoka. Hawamalizi koloni, lakini sisimizi wakiwaona huacha kutafuta chakula na kujificha.

Huko kwao Marekani ya kusini pamegeuka kituo cha kupitia. Uchunguzi wa vinasaba uliotolewa mwaka 2011 ulionyesha kwamba karibu wote waliofika Asia na Australia walitoka Marekani, siyo Amerika ya Kusini. Walionekana Brisbane mwaka 2001, na Australia inapambana nao mpaka leo kwa gharama kubwa. Wako Taiwan na kusini mwa China. Mwaka 2023 ilitangazwa kwamba viota 88 vimekutwa karibu na Siracusa, kisiwani Sicilia.

Hapa Afrika Mashariki tuna mgeni wetu mwingine wa ukoo wa sisimizi, mwenye kichwa kikubwa, Pheidole megacephala. Huyu hana mchomo wa kutisha, na katika nyika ya Laikipia, Kenya, anaua sisimizi wadogo wanaolinda miiba ya migunga dhidi ya tembo. Tembo huvunja miti, nyika hubaki wazi, na simba hukosa pa kujificha wanapomvizia punda milia. Utafiti uliochapishwa Januari 2024 ulionyesha kwamba simba wa huko sasa wanakamata nyati zaidi kuliko zamani. Kwake yeye, pengine abiria ndiye aliyeshika usukani.

Nchi iliyofanikiwa kumzuia sisimizi wa moto ni New Zealand. Mwaka 2001 kiota kimoja kilionekana katika uwanja wa ndege wa Auckland, kikaharibiwa, na eneo la jirani likachunguzwa mpaka wakaridhika. Tangu hapo, kila mwaka wakati wa kiangazi, wakaguzi huzunguka bandari na viwanja vya ndege wakiweka vikopo vidogo vyenye siagi ya karanga na maji ya sukari, kisha hurudi kuvikusanya na kuwatazama sisimizi walioingia, mmoja mmoja.