Maumivu ya Mfupa Usiku: Si Kila Uvimbe ni Saratani

Mtoto akilia usiku kwa maumivu ya mguu, wazazi wengi husema anakua tu. Maumivu ya kukua huwa ya miguu yote miwili, huja na kuondoka. Lakini yakikaa mahali pamoja, mguu mmoja, na kurudi kila usiku kwa wiki kadhaa, mfupa huo unahitaji kuchunguzwa.

Sababu mojawapo ni uvimbe mdogo uitwao osteoidi osteoma. Huwapata zaidi watoto na vijana, wavulana kuliko wasichana, hasa katika mfupa wa paja au wa muundi. Kiini chake kwa kawaida hakizidi sentimita 2. Si saratani na hausambai mwilini. Hata hivyo, kiini hicho hutoa kemikali zinazoleta maumivu makali. Dawa kama ibuprofeni huzuia kemikali hizo, ndiyo maana mtoto hupata nafuu haraka. Ila kuzimeza kwa miezi kunaweza kudhuru tumbo na figo.

Zamani tiba ilikuwa kupasua na kuchonga mfupa, na mgonjwa kutembelea magongo kwa wiki nyingi. Siku hizi kuna njia ya sindano. Mgonjwa hupewa nusukaputi au ganzi ya mgongoni. Akiongozwa na picha za CT, daktari hupitisha sindano katika tundu dogo hadi ndani ya kiini. Ncha yake hupata joto la nyuzi 90 hivi kwa dakika chache, na kiini hufa. Wengi hurudi nyumbani siku hiyo au kesho yake, na maumivu huisha baada ya siku chache. Yakirudi, kama inavyotokea kwa wachache, tiba inaweza kurudiwa.

Njia hii haifai kila uvimbe, na si kila hospitali inayo mashine na mtaalamu wake. Daktari wa mifupa ndiye huamua na kuandika rufaa.

Wazazi wanashauriwa:

- Kumpeleka mtoto kituo cha afya maumivu yanapoendelea, badala ya kumkanda au kuongeza dawa za dukani.
- Kumweleza daktari maumivu huanza saa ngapi na hutulizwa na nini.
- Kutokawia ikiwa kuna uvimbe unaokua, homa au kupungua uzito.