Noti ya Zamani: Ikague Kabla Hujaiposti

Wadau, ukimuuzia mteja noti ya kale halafu ikaja kuwa feki, umempoteza yeye na marafiki zake wote. Mimi kabla sijapiga picha ya tangazo, kila noti naipitisha hapa:

1. Mwanga. Noti za kwanza za Benki Kuu ya Tanzania, za mwaka 1966, zina kichwa cha twiga ndani ya karatasi. Kiinue juani ndiyo ukione vizuri. Kama kimekolea hata noti ikiwa mezani, kimechorwa juu.

2. Lenzi ya kukuzia. Noti halisi ina mistari myembamba, iliyonyooka vizuri. Ukiona vidotidoti vya rangi vimechanganyika, hiyo imetoka kwenye printa.

3. Taa ya zambarau, ile ile ya kukagulia noti dukani. Karatasi za kabla ya miaka ya 1950 hazikuwa na dawa ya kung'arisha weupe. Kwa hiyo ukiletewa rupia ya Zanzibar ya 1908, ile yenye jahazi na wachuma karafuu, halafu karatasi nzima ikawaka kibluu, usitoe hela. Ila noti iliyofuliwa kwa sabuni ya unga nayo huwaka, ndiyo maana siamui kwa taa peke yake.

Na wewe usiifue wala kuipiga pasi. Ikisafishwa, bei inashuka.

Bado una shaka? Usiiuze kama halisi. Hela ya noti moja utaipata kwingine, jina likichafuka je?