Tusimcheke mgonjwa wa kisukari anayefikiria kupasuliwa tumbo

Katika majilisi ya walimu wa shule zetu, wakati wa chai ya saa nne, kuna mizaha iliyozoeleka mno hata hakuna anayejiuliza tena inamwangukia nani. Mmojawapo ni ule wa mwalimu mnene anayeambiwa aache andazi la pili, aende akakimbie uwanjani pamoja na wanafunzi. Siku hizi mzaha huo umeota mkia. Mwalimu huyo akisikika akisema kuwa anafikiria kufanyiwa upasuaji wa kupunguza uzani, huambiwa kuwa amekosa subira na kwamba anataka kununua kwa fedha kile ambacho wenzake hukitafuta kwa jasho. Ikiwa ana ugonjwa wa kisukari, lawama huongezeka maradufu, kwani husemwa kuwa ugonjwa wenyewe aliutafuta kwa kinywa chake.

Nakusudia kumtetea mtu huyo. Sisemi kwamba kila mnene apelekwe chini ya kisu, wala sina hisa katika hospitali yoyote. Ninalodai ni kuwa swali tunalomuuliza silo. Tunamuuliza kama ana bidii, ilhali lililo muhimu ni kama atapata wa kumwangalia kwa miaka ishirini baada ya siku ya upasuaji. Kitanda usichokilalia, wahenga walinena, hujui kunguni wake.

Tuanze na hiyo bidii. Katika kisukari cha aina ya pili, ambacho ndicho kinachowapata watu wazima wengi, mwili hukaidi amri ya insulini, nalo kongosho hulazimika kutoa insulini zaidi na zaidi hadi likachoka. Mafuta yanayorundikana tumboni na ndani ya ini huuzidisha ukaidi huo. Kwa hivyo daktari humwambia mgonjwa apunguze uzani. Lakini msomaji na azingatie mtego uliopo hapa: insulini yenyewe, pamoja na baadhi ya vidonge vya kisukari vya tangu zamani kama glibenklamidi, huongeza uzani. Mgonjwa huambiwa akonde na papo hapo hupewa dawa ya kumnenepesha. Akijinyima chakula, sukari huenda ikashuka ghafla, naye hulazimika kunywa soda au kulamba glukosi ili asizimie. Fauka ya hayo, mwili wa mtu yeyote anayepungua hujihami. Homoni za njaa huongezeka, na nishati inayotumika hupungua. Mtu aliyepoteza kilo kumi kwa taabu huzirudisha bila hata kula kuliko jirani yake. Mwalimu wa biolojia anayelijua hili darasani hana udhuru wa kulisahau anaposhika kikombe cha chai.

Unene nao si jambo la watu wachache. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulionyesha kuwa asilimia 27 ya Wakenya watu wazima walikuwa na uzani uliopita kiasi, na miongoni mwa wanawake kiwango hicho kilikuwa asilimia 38.5.

Upasuaji wenyewe ni wa namna kadhaa, ila miwili ndiyo inayofanywa zaidi. Wa kwanza ni ule wa kukata sehemu kubwa ya tumbo la chakula, takriban asilimia 80, na kuliacha likiwa jembamba mithili ya mkono wa shati. Wa pili hulitenga tumbo na kubakisha kifuko kidogo kinachotosha kama vijiko viwili vya mezani, kisha utumbo mwembamba huunganishwa na kifuko hicho ili chakula kipite kando ya sehemu iliyosalia. Aliyeuanzisha huu wa pili ni Edward Mason, daktari wa Chuo Kikuu cha Iowa nchini Marekani, katika mwaka 1966. Siku hizi yote miwili hufanywa kwa kutoboa matundu madogo na kuingiza kamera, bila kumpasua mgonjwa toka kifuani hadi kitovuni.

Kilichowashangaza madaktari hakikuwa kukonda, maana hilo lilitarajiwa. Ni ile sukari. Mwaka 1995 Walter Pories na wenzake wa jimbo la North Carolina walichapisha taarifa kuhusu wagonjwa 608 waliowapasua katika muda wa miaka 14. Miongoni mwa wale waliokuwa na kisukari cha aina ya pili, zaidi ya asilimia 80 sukari yao ilirejea katika hali ya kawaida, na wengi wao katika siku chache tu, kabla hata nguo hazijaanza kuwapwaya. Maana yake ni kwamba utumbo si bomba la kupitishia chakula tu. Chakula kikifika upesi katika sehemu ya chini ya utumbo, homoni kama ile iitwayo GLP-1 hutolewa kwa wingi, nazo hulihimiza kongosho na kuutuliza ubongo unaolilia chakula. Tangu hapo upasuaji huu haukuwa tena shughuli ya urembo. Mwaka 2016 mashirika ya kimataifa ya kisukari yalitoa tamko la pamoja yakiutambua kuwa ni sehemu ya matibabu ya ugonjwa huo.

Ni nani basi anayestahili? Kipimo kinachotumika ni kile cha kugawanya kilo za mtu kwa mraba wa urefu wake kwa mita. Mwalimu mwenye urefu wa mita 1.6 na uzani wa kilo 100 atapata 39, na mwanafunzi yeyote wa kidato cha kwanza anaweza kumhesabia. Tamko hilo lilipendekeza upasuaji kwa mwenye kisukari aliyefika 40, na kwa aliye kati ya 35 na 40 ikiwa sukari imekataa kutii dawa na mashauri ya chakula. Aliye kati ya 30 na 35 anaweza kufikiriwa iwapo sukari yake imeshindikana vivyo hivyo. Kwa hivyo mwalimu wetu wa kilo 100, ambaye sukari yake haishuki licha ya vidonge na sindano, hatafuti mteremko. Anagonga mlango ambao wataalamu wenyewe wameufungua.

Hata hivyo, kuna upande ambao matangazo ya hospitali huupita kimya kimya, yale yenye picha mbili, ya kabla na ya baada. Watafiti wa Uswidi walianza mwaka 1987 kuwafuatilia watu waliopasuliwa pamoja na wengine wanene ambao hawakupasuliwa. Baada ya miaka 2, takriban asilimia 72 ya waliokuwa na kisukari walikuwa wameondokewa na dalili zake. Baada ya miaka 15, waliosalia katika hali hiyo walikuwa kama asilimia 30. Ugonjwa huenda likizo, na kwa wengi hurudi kazini. Walakin hata waliorudiwa walikuwa wamepata miaka ya nafuu, na kundi la waliopasuliwa kwa jumla lilipatwa na madhara machache zaidi ya macho, figo na mishipa kuliko wenzao. Aidha, nafuu huwa kubwa kwa mtu ambaye kisukari chake ni cha miaka michache na ambaye hajaanza kutumia insulini. Aliyeishi nacho kwa miaka kumi na mitano, kongosho lake limechakaa, atakonda vizuri pengine, ila asiahidiwe kwamba ataitupa sindano.

Yanayofuata upasuaji ndiyo ninayotaka yajulikane zaidi. Siku ile ile mgonjwa anapotoka chumba cha upasuaji, mahitaji yake ya insulini hubadilika. Akiendelea na kipimo cha jana, sukari yaweza kuporomoka hata kuhatarisha maisha. Macho yake yanapaswa kuchunguzwa mapema, kwa kuwa sukari iliyozoea kuwa juu ikishuka kwa kasi huweza kuyadhuru macho yaliyokwisha kuathirika. Dawa zilizotengenezwa ziyeyuke polepole tumboni huenda zisifanye kazi ipasavyo. Zile za maumivu ambazo sisi hununua bila cheti, ibuprofeni na diklofenaki, huweza kumletea vidonda vya tumbo, hususan aliyeunganishwa utumbo. Tumbo lililokatwa halinyonyi vitamini B12 na madini ya chuma kama zamani, na asiyemeza vidonge vya kuyafidia hayo pamoja na kalisiamu na vitamini D atajikuta, miaka michache baadaye, na upungufu wa damu, mifupa dhaifu na ganzi miguuni. Mwenye kisukari hupata ganzi kwa ugonjwa wake pia. Nani atakayemtambulia kwamba hii ya sasa imetokana na ukosefu wa vitamini, naye ameshazoea kuambiwa kila ganzi ni sukari?

Zaidi ya hayo kuna vijiwe vya nyongo, ambavyo huzuka mtu akikonda haraka. Kuna kiungulia kinachowasumbua baadhi ya waliokatwa tumbo. Kuna kutokwa na jasho, moyo kwenda mbio na kuharisha mtu akila vitu vitamu baada ya kuunganishwa utumbo. Mwanamke aliye katika umri wa kuzaa hushauriwa asishike mimba kwa mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Kifo chenyewe hutokea kwa nadra, chini ya mmoja kati ya mia katika hospitali zenye uzoefu, kiwango kisichozidi cha upasuaji mwingine tuliouzoea. Lakini uzoefu huo ndio wa kuulizia.

Sasa tuyatazame mazingira yetu. Upasuaji huu hufanywa humu nchini, hasa Nairobi na katika hospitali za kibinafsi, kwa gharama ya mamia ya maelfu ya shilingi. Mwalimu anaweza kukopa katika chama chake cha ushirika akazilipa. Mkopo huo hulipia siku moja. Haulipii kipimo cha vitamini B12 cha kila mwaka, ambacho hakipatikani katika zahanati ya kijijini kwake, wala nauli ya kwenda Nairobi kumwona mtaalamu wa lishe, wala vidonge vya maisha. Bima zetu nazo zina mtindo wa kuuliza kama jambo fulani ni la urembo, na likishapewa jina hilo basi mlango hufungwa. Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi wa Oktoba 2024, ingeanzia hapo: itoe jibu lililo wazi kuhusu mwenye kisukari anayestahili upasuaji, na igharimie ufuatiliaji wake kama inavyogharimia siku ya kulazwa. Kulipia kisu na kutolipia vidonge ni sawa na kujenga darasa na kunyima mwalimu.

Kuna pia kunguni wa kijamii. Kwetu unene ungali dalili ya neema. Walioishi miaka ya themanini na tisini wanakumbuka jinsi kukonda ghafla kulivyokuwa hukumu: watu walinong'onezana kuwa fulani ana Ukimwi, wakaanza kumkwepa. Minong'ono hiyo haijafa. Mtu anayepoteza kilo thelathini katika mwaka mmoja, nywele zikimpunguka kwa muda kama inavyotokea, atarudi kwa wazazi wake mashambani na kukuta kikao kimeshawekwa. Ajiandae kusema, au ajiandae kunyamaza. Vyote viwili vina gharama yake.

Wala njia nyingine hazijafungwa. Utafiti mmoja wa Uingereza, ambao matokeo yake ya kwanza yalitolewa mwaka 2017, uliwapa wagonjwa ambao kisukari chao hakikuzidi miaka sita chakula cha vipimo vidogo sana kwa miezi mitatu hadi mitano, chini ya usimamizi. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 46 walikuwa bila kisukari pasipo dawa. Baada ya miaka mitano, wengi wao walikuwa wamerudiwa. Zipo pia sindano za semaglutidi, zinazoiga ile homoni ya utumbo niliyoitaja. Hizo hupunguza sukari na uzani kwa pamoja, ila mtu akiziacha sehemu kubwa ya uzani hurejea, na bei yake si ya mfuko wa kila mtu. Mgonjwa ambaye hajajaribiwa njia hizi kwa dhati, chini ya daktari na si chini ya gazeti, ningemwomba asubiri. Aliyezijaribu zikamshinda, na ambaye kisukari chake bado ni kichanga, ningemwomba asichelewe, maana kila mwaka anaoupoteza kwa kuwaogopa wachekaji unalipunguza kongosho lake.

Anapokwenda kumwona daktari wa upasuaji, na amuulize amewapasua wagonjwa wangapi wa kisukari na wangapi kati yao anaendelea kuwaona baada ya miaka mitano. Amuulize ni nani atakayempunguzia insulini wiki ile ya kwanza akiwa tayari nyumbani, Kitui au Busia, na kama mtu huyo atapokea simu usiku. Likizo ndefu ya mwisho wa mwaka ndiyo inayomfaa mwalimu. Wiki mbili hivi za kwanza ni za vinywaji, kisha uji mzito na vyakula vilivyopondwa, na chakula cha kawaida huanza kurejea polepole baada ya wiki sita au nane. Shule zifunguliwapo Januari, bado atakuwa akila kidogo kidogo mara nyingi kwa siku na kunywa maji kwa mafunda madogo baina ya milo. Mwalimu mkuu apaswa kuarifiwa mapema, ili ratiba ya muhula wa kwanza isimpe vipindi vinne mfululizo.