Kulungu, Theluji na Injini: Maisha ya Waskolti katika Misitu ya Serikali ya Ufini

Sevettijärvi ni kijiji cha kaskazini kabisa mwa Ufini, jirani na mpaka wa Norwei. Hapo ndipo kitovu cha Waskolti, tawi dogo la Wasami, wenyeji wa asili wa kaskazini mwa Ulaya, lenye lugha yake na linalofuata Ukristo wa Kiorthodoksi, ilhali Wasami wenzao wengi ni Walutheri. Asili yao ni Petsamo na viunga vyake. Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilipokwisha, Petsamo ilikuwa imeshatwaliwa na Umoja wa Kisovyeti, na Waskolti wakahamishiwa Ufini. Mwaka 1949 wakaanza kuingia katika nyumba walizojengewa na serikali kandokando ya maziwa ya Sevettijärvi. Wakaendelea na kazi walizorithi: uvuvi, uwindaji na ufugaji wa kulungu wa kaskazini.

Kulungu huyu hafugwi zizini. Huzunguka porini mwaka mzima akijitafutia malisho, na wakati wa baridi huchimbua theluji kwa kwato ili aifikie mimea midogo myeupe inayotandaa ardhini. Sheria ya ufugaji ya mwaka 1990 inamruhusu kulisha popote ndani ya eneo la ufugaji, ardhi iwe ya nani, ilimradi asivamie mashamba na nyua za watu. Jambo hili lina uzito, kwa kuwa asilimia 90 hivi ya ardhi ya nchi ya Wasami nchini Ufini iko mikononi mwa serikali, chini ya shirika lake la misitu, Metsähallitus. Kwa hiyo msitu wa umma ndio malisho, ndio njia, na ndio mahali pa kazi.

Mnyama anayetembea huru hutambuliwa kwa masikio. Kila mfugaji ana alama yake iliyosajiliwa, mpangilio wa mikato ambao hakuna mwingine anayeruhusiwa kuutumia. Ndama huzaliwa mwezi Mei. Majira ya joto yakifika, kundi huswagwa hadi ndani ya ua, mara nyingi usiku, wakati hewa imepoa na jua bado liko angani. Ndama hukamatwa, hufungwa kibao chenye namba shingoni, kisha huachiwa. Wafugaji husimama kando na darubini wakisubiri kila ndama amfuate mama yake. Mama akishajulikana, mwenye ndama kajulikana, na kisu hufanya kazi yake katika masikio. Hapo umri hauna neno: wazee na watoto wote wamo uani, na mtoto hujifunza kusoma alama za jamaa na majirani kwa kuangalia.

Zamani kulungu huyohuyo ndiye aliyekuwa chombo cha safari. Madume waliohasiwa walifundishwa kuvuta sleji zenye umbo la mtumbwi, nao walifungwa mmoja nyuma ya mwenzake hata ukapatikana msafara mrefu. Kumfundisha mnyama wa kuvuta kulihitaji uvumilivu mwingi. Aliyekuwa na wanyama watulivu, wanaomjua, alihesabika kuwa mfugaji wa kweli. Mafuta ya chombo hicho yalikuwa majani ya porini, na hayo hayauzwi.

Mambo yakabadilika mwanzoni mwa miaka ya 1960. Pikipiki za theluji za Bombardier, zilizoanza kuuzwa nchini Kanada mwaka 1959, zikafika huko kaskazini. Safari ya kwenda madukani Norwei na kurudi, iliyokuwa ikichukua siku tatu kwa sleji ya kulungu, ikawa ya saa tano. Nani angekataa? Katika muda wa miaka kumi hivi karibu kila nyumba ikawa na pikipiki, na kulungu wa kuvuta wakatoweka njiani.

Mwanaanthropolojia wa Marekani Pertti Pelto aliyashuhudia mabadiliko hayo, na mwaka 1973 akayatolea kitabu. Aliyoyaeleza hayakuwa ya furaha tupu. Kulungu walikuwa wamezoea kuishi karibu na watu. Sasa wakawa wanamwona mtu pale tu anapokuja na ngurumo kuwafukuza. Wakarudia hali ya porini. Na gharama nazo zikaja: pikipiki yenyewe, petroli, vipuri, ambavyo vyote vilitaka fedha taslimu. Wenye wanyama wachache wakawauza ili walipie mashine, kisha mashine ikabaki bila kundi la kuchunga. Wastani wa kulungu kwa kaya ukashuka kutoka 52 hadi 12, na theluthi mbili ya kaya zikaacha ufugaji kabisa. Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama, na kisu kikali safari hii kilikuwa injini.

Sheria za Ufini nazo zina desturi yake. Mtu yeyote, hata mgeni, anaweza kutembea kwa miguu au kuteleza kwa ski msituni, akachuma matunda na uyoga bila kumwomba mwenye ardhi ruhusa. Haki hiyo haimfuati akipanda chombo chenye injini. Sheria ya mwaka 1995 ya usafiri wa porini inamtaka mwenye pikipiki ya theluji apate ruhusa ya mwenye ardhi, isipokuwa akiwa juu ya barafu ya ziwa au katika njia rasmi. Zipo pia njia zinazotunzwa na Metsähallitus, ambazo lazima uzilipie kibali. Porini mwisho ni kilomita 60 kwa saa, barafuni 80, na kofia ngumu ni lazima.

Mfugaji aliye kazini hahitaji ruhusa hiyo. Anaweza kuacha njia akaingia kati ya miti kuwafuata wanyama wake. Asiyejua huona ni upendeleo, lakini ukimwangalia akiwa kazini utaelewa. Huendesha polepole, goti moja juu ya kiti, macho kwenye theluji akitafuta nyayo. Nyuma anakokota sleji ya mizigo yenye nyasi kavu, kwa sababu mwisho wa baridi, theluji ikishaganda juu na kuwa ngumu, kulungu hushindwa kuichimbua. Akizikuta nyayo huzima injini, akasikiliza. Kazi hii bado inataka maarifa ya baba na babu: kujua upepo unatoka wapi, theluji ya leo itambeba mnyama au itamzamisha, na majike wenye mimba wamejificha bonde gani.

Matatizo huanza pale wasafiri wa kujifurahisha wanapoingia katika msitu huohuo. Lapland, eneo hili la kaskazini mwa Ufini, inapokea watalii wengi, na pikipiki ya theluji ni moja ya vivutio vyake. Mtalii mmoja anayekata kona kupita malishoni anaweza kulitawanya kundi ambalo mfugaji amelikusanya kwa siku kadhaa. Jike mwenye mimba anayekimbizwa mwezi Aprili hupoteza nguvu alizozihifadhi baridi nzima.

Kwa maoni yangu, pikipiki ya theluji haikuua ufugaji wa Waskolti. Iliuweka mikononi mwa wachache wanaoweza kuulipia. Haki ya kuingia msituni ilibaki ya wafugaji wote, ila uwezo wa kuitumia haukubaki kwa wote. Wanaopanga matumizi ya ardhi ya umma mahali popote wana la kujifunza hapo, kwamba kufungua njia peke yake hakutoshi.

Nawe msomaji unayeishi Ufini, kama walivyo ndugu zetu wengi kutoka Kongo, siku ukienda kaskazini na kukodi pikipiki hiyo, lipia kibali na usitoke njiani. Ukiwaona kulungu mbele yako, simama, zima injini, uwasubiri wapite.