KUKU NA BUSTANI YA ZAMU



Mashauri mengi yaletwayo mbele ya wazee wa kijiji huanza na kuku. Kuku wa nyumba hii ameingia bustanini mwa nyumba ile, amefukua miche ya kabichi iliyopandwa jana, na mwenye bustani amemtupia jiwe. Kuku amekufa, miche imekufa, na ujirani umeingia ufa. Kila mmoja ana haki yake: huyu amepoteza mboga za watoto wake, na yule amepoteza mayai ya watoto wake.

Karatasi hii yataka kukuonyesha ya kuwa kuku na bustani si maadui. Kuku akuharibiaye bustani hafanyi ila kazi aliyozaliwa nayo. Wahenga walisema, Mtoto wa kuku hafundishwi kuchakura. Ubaya ni wa mahali na wakati tu. Mpe kuku mahali pake na wakati wake, naye atapekua udongo wako, atapunguza magugu na wadudu, na atatia samadi, bila wewe kubeba hata kikapu kimoja.

SHAMBA LISILOPATA KUPUMZIKA

Zamani mtu aliyeona shamba lake limechoka aliliacha likawa mwitu, akahamia mahali pengine, akarudi baada ya miaka mingi. Hata Torati iliwaamuru Waisraeli kuipumzisha ardhi kila mwaka wa saba. Lakini leo watu wamekuwa wengi na viwanja vimekuwa vidogo. Mwenye nusu eka hana mahali pa kuhamia. Hulima hapo hapo kila mwaka, na kila mwaka huvuna kidogo kuliko mwaka uliopita.

Wako watu walioligundua jibu tangu zamani. Wachagga wa mlima Kilimanjaro walifunga ng'ombe wao ndani, wakawaletea majani, na samadi wakaipeleka migombani. Wakara wa kisiwa cha Ukara, katika ziwa Viktoria, nao walifuga ng'ombe ndani ya nyumba, wakakusanya samadi yao pamoja na majani, wakaitia mashambani. Kwa njia hiyo waliweza kulima ardhi ile ile bila kuihama, ingawa kisiwa chao ni kidogo na watu ni wengi.

Basi wewe usiye na ng'ombe usikate tamaa. Una kuku. Samadi ya kuku ina nguvu kuliko ya ng'ombe, na tena kuku huipeleka shambani kwa miguu yake mwenyewe.

KUGAWANYA KIWANJA

Chagua kiwanja karibu na nyumba, mahali pasipotuama maji. Kwa kuku 10 yatosha kiwanja cha futi 40 kila upande. Kigawanye vipande vinne vilivyo sawa. Katikati, pale vipande vyote vinapokutana, jenga banda la futi 6 kila upande. Acha njia nyembamba ya futi 2 kutoka nje mpaka bandani, ili upate kupita kwenda kuokota mayai usikanyage mboga.

Sasa angalia sana habari ya milango ya kuku, maana ndiyo siri ya mpango huu. Simama nje, ukitazama ukuta mmoja wa banda. Toboa mlango mdogo, wa upana wa futi 1, katika nusu ya kulia ya ukuta ule. Zunguka, ufanye vivyo hivyo katika kuta zote nne, kila mara mkono wa kulia. Utaona ya kuwa kila kipande kimepata mlango wake mmoja. Kila siku utafungua mlango mmoja tu, na mitatu itakuwa imefungwa. Hivyo kuku hulala mahali pamoja mwaka mzima, lakini malisho yao hubadilika.

Ua uwe wa fito, mianzi au matete, kwa kimo cha futi 5 au 6, nao upite nje ya kiwanja chote na katikati ya kila kipande na mwenziwe. Kuku akizoea kuruka ua, mkate ncha za manyoya marefu ya bawa moja. Ataruka upande, hatapanda. Panda mpapai katika pembe ya kila kipande, kwa maana kuku akikosa kivuli saa za mchana huumia, na tena mwewe hamwoni vizuri aliye chini ya majani.

Ndani ya banda weka fito za kulalia, na viota viwili au vitatu vyenye majani makavu, mahali penye giza kidogo. Sakafuni tandaza majani makavu au pumba za mpunga kwa kina cha inchi 4, uyageuze mara kwa mara. Ukiingia asubuhi ukasikia harufu kali iwashayo macho, ujue hewa haitoshi na matandiko yamelowa. Ongeza madirisha na utie majani mapya. Funga milango yote kabla ya giza, kwa ajili ya kicheche na paka mwitu.

UTARATIBU WA ZAMU

Penye masika na vuli, zamu moja iwe ya miezi 4: ya kwanza ianze Machi, ya pili Julai, ya tatu Novemba. Kila kipande kitapita katika hali nne kwa utaratibu huu:

1. Zamu ya kuku. Kuku hukaa humo miezi 4. Watupie majani, magugu uliyong'oa na maganda ya jikoni. Watayachakura mpaka yawe matandiko laini. Hula mbegu za magugu, panzi, na wale viwavi wakatao mashina ya miche usiku, waitwao sota.

2. Zamu ya walafi. Kuku wamehama. Geuza udongo, uuache majuma 3, kisha panda mboga zipendazo chakula kingi: kabichi, sukuma wiki, mchicha, maboga. Miche yake uwe umeiotesha kitaluni mwezi mmoja kabla kuku hawajahama.

3. Zamu ya matunda. Hapa panda nyanya, bilinganya au pilipili. Mimea hii ikipewa samadi mpya nyingi hutoa majani mengi na matunda machache; ndiyo sababu haikutangulia.

4. Zamu ya maharage na mizizi. Nusu ya kipande panda maharage au kunde, na nusu karoti na vitunguu. Karoti katika samadi mpya huchipua vidole vingi. Maharage na kunde zina vifundo mizizini ambavyo huvuta chakula kutoka hewani na kukiacha katika udongo. Ukiisha kuvuna, acha mizizi yao ardhini, nao kuku warudi.

Kwa hiyo kipande hukaa na kuku miezi 4, kisha hukaa mwaka mzima bila kuku. Mahali penye mvua ya msimu mmoja tu, zamu yaweza kuwa ya miezi 6. Mwanzoni kabisa, vipande ambavyo havijapata kuku vitilie mboji au samadi ya ng'ombe iliyooza.

KWA NINI TUHAME?

Huenda ukauliza, ‘Ikiwa kuku wamekaa vizuri, kwa nini niwahamishe?’ Sababu ni tatu.

Kwanza, udongo nao hukinai. Kuku wakikaa mahali pamoja mwaka mzima, samadi huzidi hata huchoma mizizi, nayo ardhi hukanyagwa ikawa ngumu kama sakafu.

Pili, kuku wenyewe huugua. Mayai ya minyoo, na vijidudu viletavyo kuhara damu kwa vifaranga, hutoka katika kinyesi na kungoja katika udongo. Kuku akirudi kula pale pale kila siku, huyameza. Ardhi ikipumzika mwaka mmoja ikipigwa na jua na kulimwa, wengi wa maadui hao hufa.

Tatu, mimea nayo ina koo zake. Nyanya, bilinganya, pilipili na viazi mviringo ni ndugu. Kabichi na sukuma wiki ni ndugu. Ugonjwa wa mmoja huwashika na wengine. Ukipanda nyanya mwaka huu, na mwakani viazi mahali hapo hapo, umeutayarishia mnyauko nyumba na chakula. Lakini ukipitisha koo nyingine katikati, ugonjwa hukosa mwenyeji wake.

MAMBO YA KUJIHADHARI

Kinyesi kibichi cha kuku chaweza kuwa na vijidudu vya kuharisha watu. Kwa sababu hiyo nimeweka mboga za kupikwa katika zamu inayofuata kuku. Kitu kiliwacho kibichi, kama karoti au nyanya, kisivunwe kabla ya miezi 4 kupita tangu kuku walipotoka. Matandiko ya banda usiyatie bustanini moja kwa moja. Yarundike pamoja na majani, uyamwagie maji kidogo, uyageuze, mpaka yaoze na kunukia kama udongo wa msituni.

Usitegemee kuku kuondoa ndago wala sangari. Mizizi yake iko chini sana. Hiyo ni kazi ya jembe na mikono yako.

Maharage yasiyopikwa ni sumu kwa kuku. Kabla hujawaingiza, okota punje zilizodondoka, na ung'oe mashina ya nyanya na viazi yaliyobaki.

Mvua kubwa ikinyesha siku nyingi, na udongo wako ni mfinyanzi, wazuie kuku bandani mpaka pakauke, wasije wakaufanya tope.

Tena kuna mdondo, ambao wengine huuita kideri. Ugonjwa huu ulipewa jina la mji wa Newcastle wa Uingereza, ulikoonekana mwaka 1926, nao waweza kumaliza kuku wa kijiji kwa majuma machache. Ua wako hautauzuia. Kinachouzuia ni chanjo: tone moja katika jicho moja, nayo hurudiwa kila baada ya miezi 3 au 4, kama utakavyoagizwa na Bwana Mifugo. Chanja kuku walio wazima tu. Ni vema majirani wachange fedha na kuchanja siku moja, kwa kuwa chupa moja hutosha kuku wengi.

CHAKULA, NA SHAURI LA NYUMBANI

Sasa nitasema jambo ambalo wengi hulipita. Kuku aliyefungiwa hawezi kujitafutia. Kuku 10 wahitaji kama kilo 1 ya chakula kila siku: pumba za mahindi, mtama, mashudu ya alizeti, na dagaa kidogo, mbali na majani na wadudu wa kipande chao. Wape pia maganda ya mayai au ya konokono yaliyosagwa, ili mayai yawe na ganda gumu. Maji safi yasikosekane hata siku moja. Ikiwa huna chakula cha kuku 10, anza na 5, na kiwanja kiwe nusu. Ikiwa huna hata cha 5, usijenge ua huu mwaka huu. Panda kwanza mtama na alizeti ya kuwalisha. Kuku mwenye njaa ndani ya ua ni afadhali angaliachwa huru.

Tena, fikiri ni nani atakayebeba maji hayo na kutwanga chakula hicho. Katika nyumba nyingi kuku ni mali ya mama, na fedha ya mayai ndiyo imnunuliayo mtoto daftari na chumvi ya jikoni. Mume akiamka siku moja akajenga ua, akauza mayai, akatia fedha mfukoni, naye mama ameachiwa kazi ya maji, mpango huo hautamaliza zamu ya pili. Basi kabla hujakata fito ya kwanza, keti na mwenzio, mpatane: nani atabeba maji, nani atalima, na fedha ya mayai itakuwa ya nani. Mimi nashauri ibaki kwake aliyekuwa nayo tangu mwanzo.

ANZA KIDOGO

Wala usingoje mpaka upate mali ya kujenga yote kwa mara moja. Jenga banda, na uzungushie ua kipande kimoja cha kuku. Vipande vitatu vya mboga viongezewe ua kadiri upatavyo fito. Andika katika daftari siku kuku walipoingia na siku walipotoka, na mboga gani ilikuwa wapi. Maana katika zamu ya tano mwenye kutegemea kichwa chake husahau.

Usitazamie ajabu katika mwaka wa kwanza. Udongo uliochoka kwa miaka 20 haupati nguvu kwa miezi 4. Lakini kuku watakapomaliza mzunguko wao na kurudi katika kipande cha kwanza, chukua konzi ya udongo wa hapo, na konzi nyingine ya nje ya ua. Ya ndani itakuwa nyeusi zaidi na laini, na huenda ukaona nyungunyungu ndani yake. Hapo utajua mwenyewe kama kazi imefaa.

Mwenye kutaka kuonyeshwa jinsi ya kupima vipande na kukata milango, na amwendee Bwana Shamba wa mahali pake, naye aje na kamba ya futi 40.